Kutoka Model T hadi Model A: Gari nafuu la Marekani na barabara za Unguja

FORD Model A ni gari la bei nafuu lililotengenezwa na kampuni ya Ford ya Marekani kuanzia mwishoni mwa mwaka 1927 hadi mwanzoni mwa mwaka 1932. Katika kipindi hicho kisichofikia miaka mitano, yalitengenezwa magari takriban milioni 4.8 ya aina hiyo, yakiwa na maumbo mbalimbali, kuanzia gari la wazi la watu wawili hadi gari la milango minne lenye paa.

Gari hilo lilichukua nafasi ya Ford Model T, ambalo kwa karibu miaka 20 lilikuwa ndilo gari la mtu wa kawaida nchini Marekani. Historia ya magari hayo mawili huelezwa zaidi kama historia ya viwanda vya Detroit. Hata hivyo, kwa nchi zisizokuwa na kiwanda, ikiwemo Zanzibar, historia hiyo ina upande wa pili: jinsi gari nafuu lilivyoingia mahali penye reli, magari ya ng'ombe na majahazi, na jinsi lilivyopanga upya safari ya watu na mazao kati ya mji na shamba.

Merikani kabla ya motokaa

Bidhaa za Marekani hazikuanza kuonekana Unguja kwa kuja magari. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 nchi hiyo ilifungua ubalozi mdogo mjini Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani walikipa jina la merikani, nao wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Jina la kitambaa hicho limebaki katika lugha hadi leo, ingawa wengi wanaolitamka hawakumbuki asili yake.

Mafuta ya taa kutoka Marekani nayo yalipata soko katika mwambao. Ubalozi mdogo wa Marekani ulifungwa mwaka 1915 na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1961, lakini biashara haikukatika. Ni katika kipindi hicho hicho ambapo bidhaa nyingine ya Marekani ilianza kuzoeleka Afrika Mashariki, nayo ni motokaa.

Reli ya Bububu

Kabla ya motokaa, Unguja ilijaribu reli. Mnamo mwaka 1879, katika enzi ya Sayyid Barghash, ilijengwa njia ya reli ya maili zipatazo saba kutoka kasri la mjini kuelekea Chukwani. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 yakapatiwa injini ndogo ya mvuke. Reli hiyo ilikuwa ya Sultani zaidi kuliko ya umma, na Barghash alipofariki dunia mwaka 1888 ilitupwa.

Reli iliyowahudumia wananchi ilikuja mwaka 1905, katika zama za Sayyid Ali bin Hamud. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ya New York. Njia yake ilianzia mjini, ikapenya katika barabara nyembamba za Malindi, kisha ikafuata pwani ya magharibi kwa maili saba hadi Bububu. Ilibeba abiria na mazao, na mandhari yake ya minazi na miembe iliwavutia pia wageni walioshuka melini.

Gari moshi hilo lilikuwa na kasoro zake. Lilipita karibu mno na milango ya nyumba, na cheche za moto kutoka kwenye injini zilileta malalamiko ya watu waliohofia mali zao kuungua. Lakini kasoro kubwa zaidi haikuwa ya moshi wala cheche. Reli huenda mahali pamoja tu. Mkulima wa Mkokotoni, mvuvi wa Chwaka au mkaazi wa Makunduchi hakupata faida yoyote kwa kuwepo kwa gari moshi la Bububu.

Serikali iliichukua reli hiyo kutoka kwa kampuni, lakini wakati huo huo ikawa inajenga barabara. Kadiri barabara zilivyoongezeka ndivyo abiria wa reli walivyopungua. Mwaka 1922 huduma ya abiria ilisitishwa. Kwa miaka michache iliyofuata njia hiyo ilitumika kubeba mawe kwa ajili ya kazi za bandari, na baadaye reli yenyewe ikang'olewa. Kisiwa kilichokuwa na reli kabla ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki kikawa hakina reli tena.

Gari lililoshinda reli

Gari lililofungua zama hizo duniani ni Ford Model T, lililoanza kuuzwa Marekani mwezi Oktoba 1908 kwa dola 850. Bei hiyo ilikuwa ya chini ukilinganisha na magari ya wakati huo, lakini bado mfanyakazi wa kawaida hakuimudu. Henry Ford aliamua kutengeneza aina moja tu ya gari, kwa wingi, na kila mwaka kuipunguza bei.

Njia aliyoitumia ilikuwa ni kupanga kazi upya. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, mafundi waliacha kulizunguka gari lililosimama. Badala yake gari ndilo lililosogezwa mbele yao kwa mnyororo, na kila mtu akawa na kazi moja ya kurudia. Muda wa kuunganisha chasisi moja ulipungua kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban saa moja na nusu. Kazi hiyo ilichosha na wafanyakazi wengi waliacha, hivyo Januari 1914 kampuni ilitangaza ujira wa dola tano kwa siku ya saa nane. Mnamo mwaka 1925 Model T la bei ya chini kabisa lilifikia dola 260.

Model T halikuwa gari la fahari. Injini yake ya lita 2.9 ilitoa nguvu za farasi 20 tu. Lilikuwa na gia mbili za kwenda mbele, zilizobadilishwa kwa pedeli badala ya mkono, na kwa miaka mingi liliwashwa kwa kuzungusha handeli mbele ya injini. Petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake yenyewe kutoka tangi lililokuwa chini ya kiti, kwa hiyo katika mlima mkali dereva alilazimika kupanda kinyumenyume. Kisiwani Unguja, ambako hata kilima cha Masingini hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, tatizo hilo lilikuwa dogo. Katika nyanda za juu za Kenya lilikuwa jambo la kila siku.

Pamoja na hayo, gari hilo lilikuwa jepesi, chuma chake kilikuwa imara, na tumbo lake lilikuwa juu kutoka ardhini kwa takriban sentimita 25. Liliweza kupita penye matope, mchanga na mawe ambako gari zuri la Ulaya lilikwama. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki yalitumia magari mengi ya Ford kubeba mizigo na majeruhi. Wapagazi waliendelea kubeba sehemu kubwa ya mzigo wa vita hivyo, na maelfu kwa maelfu walipoteza maisha, lakini vita vilipomalizika mwaka 1918 watu wengi wa eneo hili walikuwa wamekwisha kuiona motokaa ikifanya kazi mahali pasipokuwa na barabara.

Ushindani wa Chevrolet

Mafanikio ya Model T ndiyo yaliyokuja kuwa tatizo lake. Ford aliamini kuwa gari lake limekamilika. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 lilitolewa kwa rangi nyeusi pekee, na mabadiliko ya maana yalikuwa machache.

Wapinzani wake hawakulala. Kampuni ya General Motors, chini ya uongozi wa Alfred Sloan, ilikuwa na gari kwa kila ngazi ya kipato, na gari lake la chini lilikuwa Chevrolet. Tangu mwaka 1919 kampuni hiyo ilianzisha tawi la kuwakopesha wanunuzi, ili mtu alipe kidogo kidogo huku akilitumia gari. Mwaka 1922 ilimpata William Knudsen, mtaalamu wa uzalishaji aliyekuwa ameondoka Ford mwaka uliotangulia. Chevrolet lilikuwa ghali kidogo kuliko Ford, lakini lilikuwa na gia tatu, rangi za kuchagua na umbo la kisasa.

Wanunuzi wa Marekani walikuwa wamebadilika. Wengi walikuwa wakinunua gari la pili maishani mwao, na hawakutaka lifanane na la kwanza. Aidha, Model T kuukuu lilipatikana kwa bei ya chini kabisa, hivyo Model T jipya likawa linashindana na ndugu zake wakongwe. Mwaka 1927 Chevrolet liliipita Ford kwa mauzo.

Kiwanda chafungwa, gari jipya lazaliwa

Tarehe 26 Mei 1927 gari la milioni 15 la Model T lilitoka kiwandani, na Ford akatangaza kuwa aina hiyo imefika mwisho. Jambo la kushangaza ni kwamba gari la kuchukua nafasi yake lilikuwa bado halijakamilika. Mitambo iliyojengwa kwa ajili ya gari moja haikuweza kutengeneza jingine bila kubomolewa na kupangwa upya. Kwa takriban nusu mwaka uzalishaji ulisimama, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Detroit walikaa bila ujira. Gharama ya ukaidi wa tajiri mmoja iliwaangukia watu ambao hawakuwa na sauti katika uamuzi huo.

Henry Ford alisimamia masuala ya injini na chasisi, na mwanawe Edsel Ford, aliyekuwa rais wa kampuni, akasimamia umbo. Gari lililozaliwa lilipewa jina la Model A, kana kwamba kampuni inaanza alfabeti upya. Lilionyeshwa kwa umma tarehe 2 Desemba 1927, na mamilioni ya Wamarekani walifurika katika maduka ya magari kulitazama.

Tofauti na gari la zamani ilikuwa kubwa. Injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 3.3 ilitoa nguvu za farasi 40, mara mbili ya Model T, na gari liliweza kukimbia takriban kilomita 105 kwa saa. Lilikuwa na gia tatu zinazobadilishwa kwa mkono, breki katika magurudumu yote manne, vizuia mtikisiko, na kioo cha mbele kisichovunjika vipande vikali. Mpangilio wa pedeli za klachi, breki na mafuta ulikuwa ule unaofahamika kwa madereva wa leo. Tangi la petroli liliwekwa juu, mbele ya dereva, hivyo mafuta yaliendelea kushuka kwa uzito wake bila kuhitaji pampu. Fundi hakuwa na kifaa hicho cha kutengeneza kwa sababu hakikuwepo.

Gari la milioni moja la aina hiyo lilitoka Februari 1929, na la milioni mbili Julai mwaka huo huo.

Unafuu kwa nani?

Gari la wazi la watu wawili la Model A lilitangazwa kwa dola 385, na la milango miwili lenye paa kwa dola 495. Zanzibar wakati huo ilitumia rupia, na iliendelea kufanya hivyo hadi shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika mwaka 1936. Kwa viwango vya ubadilishaji vya wakati huo, dola 385 zilikuwa karibu paundi 79 za Uingereza, sawa na rupia zipatazo 1,050. Hiyo ni bei ya kiwandani, kabla ya nauli ya meli, bima, ushuru na faida ya wakala.

Kwa mkulima au mfanyakazi wa Marekani, kiasi hicho kilikuwa mshahara wa miezi kadhaa. Kwa hamali wa bandarini Malindi au mchumaji wa karafuu, kilikuwa ni fedha asizoweza kuziona zimekusanyika mahali pamoja. Mwaka 1928, wakati Model A lilipokuwa gumzo la dunia, wakazi wa Ng'ambo walikuwa wamegoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao, kwa kuwa kodi hiyo ilikuwa imepanda kupita uwezo wao. Kwa watu hao gari nafuu halikuwa nafuu.

Hivyo basi, katika nchi kama Zanzibar, wenye uwezo wa kumiliki motokaa walikuwa familia ya Sultani, maofisa wa serikali, wafanyabiashara wakubwa na baadhi ya wenye mashamba. Unafuu wa gari la Marekani uliwafikia watu wengine kwa mlango wa pili, yaani kwa nauli. Mtu asiyeweza kununua gari aliweza kulipa nafasi ya kukaa, na gari likiwa rahisi kwa mwenye nalo, nauli nayo iliweza kuwa ndogo.

Kwa nini si gari la Uingereza?

Huenda msomaji akauliza kwa nini makoloni na nchi zilizokuwa chini ya himaya ya Uingereza zilijaa magari ya Marekani badala ya ya Uingereza yenyewe. Jibu linaanzia katika kodi. Kuanzia mwaka 1921 mwenye gari nchini Uingereza alilipa paundi moja kwa kila kipimo cha nguvu za farasi, na kipimo hicho kilikokotolewa kutokana na upana wa silinda za injini. Watengenezaji wa huko wakajibu kwa kuunda injini ndogo zenye silinda nyembamba, ndani ya magari madogo yaliyokaa karibu na ardhi. Magari hayo yalifaa lami ya Uingereza, na hayakufaa njia za Afrika.

Ford yenyewe ililazimika kutengeneza Model A lenye injini ndogo kwa ajili ya soko la Uingereza ili kupunguza kodi hiyo, na mwaka 1932 ikatoa gari dogo zaidi, Model Y, kwa ajili ya Ulaya.

Sababu ya pili ni Kanada. Kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904 ng'ambo ya mto mkabala na Detroit, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza magari ya Ford katika himaya yote ya Uingereza isipokuwa Uingereza yenyewe. Kiwanda hicho kilitengeneza magari yenye usukani wa kulia, yanayofaa nchi ambazo magari hupita kushoto, kama ilivyo Zanzibar na jirani zake. Kwa hiyo gari la Ford lililoshushwa katika bandari za Afrika Mashariki lilikuwa la Marekani kwa jina na usanifu, lakini mara nyingi lilikuwa limezaliwa Kanada.

Sababu ya tatu ni mikataba. Makubaliano ya kimataifa kuhusu Bonde la Kongo yalizizuia Kenya, Uganda na Tanganyika kutoza ushuru wa upendeleo kwa bidhaa za Uingereza. Gari la Marekani likashindana kwa ubora na bei yake, na likashinda.

Chasisi, lori na fundi seremala

Sehemu kubwa ya faida ya magari hayo haikutokana na gari la abiria wanne, bali na chasisi. Ford na Chevrolet ziliuza fremu, injini na magurudumu bila bodi, na kumwachia mnunuzi ajenge juu yake anachotaka. Sambamba na Model A, Ford ilitoa lori la Model AA lenye uwezo wa kubeba tani moja na nusu, likitumia injini ile ile. Mwaka 1929 Chevrolet ilijibu kwa injini ya silinda sita iliyouzwa kwa bei ya silinda nne.

Nchini Kenya walowezi waliweka masanduku ya mbao juu ya chasisi za Kimarekani na kupata gari la kubebea watu, mbwa na mizigo. Kwa Unguja, kisiwa chenye mafundi seremala waliorithi ujuzi wa kuunda majahazi na kuchonga milango, mbao haikuwa kitu kigeni. Gari la abiria la Zanzibar lenye bodi la mbao, paa la kupakia mizigo, pande zilizo wazi na mabenchi marefu ambapo abiria hukaa wakitazamana, ni mtoto wa utaratibu huo wa kununua chasisi nje na kujenga bodi nyumbani. Kwa miongo mingi magari hayo ndiyo yaliyowachukua watu, ndizi, mihogo, samaki na nazi kati ya shamba na Darajani.

Gari la namna hiyo lilifika mahali ambapo reli haikuthubutu. Upande wa mashariki wa Unguja ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe yenye ncha kali na udongo haba, na vijiji vyake viko mbali na mashamba ya karafuu ya magharibi. Gari lenye tumbo la juu na magurudumu makubwa halikuhitaji barabara kamilifu, na kama njia ikiharibika liliweza kutafuta nyingine.

Mji usiopitika

Sehemu moja ya kisiwa ililikataa gari, nayo ni Mji Mkongwe. Mitaa yake ilipimwa kwa bega la mtu na mzigo wa punda. Gari, hata likiwa dogo kama Model A, haliwezi kupita katika vichochoro vingi vya Kiponda, Sokomuhogo au Hurumzi. Motokaa zilibaki pembezoni: Mizingani na Forodhani upande wa bahari, Shangani, Vuga, na barabara ya Darajani iliyopita kando ya hori lililoutenganisha mji na Ng'ambo.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya mji kazi ya kubeba iliendelea kuwa ya hamali na gari lake la mkono, hata baada ya karafuu kutoka shamba kuanza kufika kwa lori. Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umehifadhi umbo lake kwa sababu kadhaa. Moja kati ya hizo ni kwamba haukubomolewa ili kulipisha gari.

Mdororo wa uchumi

Oktoba 1929, miezi michache baada ya gari la milioni mbili la Model A kutoka kiwandani, soko la hisa la New York liliporomoka. Uzalishaji wa magari yote nchini Marekani ulishuka kutoka zaidi ya milioni tano mwaka 1929 hadi takriban milioni 1.3 mwaka 1932. Kampuni ya Chrysler, iliyokuwa imeingia katika soko la bei nafuu mwaka 1928 kwa gari la Plymouth lenye breki za mafuta, iliongeza ushindani katika soko linalosinyaa.

Mapema mwaka 1932 uzalishaji wa Model A ulisimamishwa, na tarehe 31 Machi Ford ilitambulisha gari lenye injini ya silinda nane, V8, yenye nguvu za farasi 65, kwa bei iliyoanzia dola 460. Injini ya aina hiyo hapo awali ilikuwa ya matajiri.

Zanzibar nayo haikunusurika. Bei ya karafuu, zao lililobeba uchumi wa visiwa, ilianguka, na wenye mashamba wengi walizama katika madeni. Sheria za mwaka 1934 kuhusu ardhi na ununuzi wa karafuu zilizua mgogoro na wafanyabiashara wa Kihindi, na kufuatiwa na mgomo wa ununuzi uliomalizika kwa makubaliano mwaka 1938. Katika hali hiyo mwenye gari alitazama kwanza urahisi wa kulitengeneza kabla ya kufikiria jipya. Hapo ndipo sifa ya magari hayo ya Marekani ilipoonekana: vipuri vilivyofanana, injini isiyo na siri, na fundi aliyeweza kuifungua kwa spana chache.

Alama zilizobaki

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uhaba wa dola katika himaya ya Uingereza ulipunguza uingizaji wa magari ya Marekani, na nafasi yao ikachukuliwa na magari ya Uingereza kama Austin, Morris na Bedford. Hata hivyo, damu ya Marekani haikukauka. Bedford, lori lililokuja kuwa maarufu katika barabara za Afrika Mashariki, ikiwemo Unguja, lilianza mwaka 1931 mjini Luton kama mrithi wa lori la Chevrolet lililokuwa likiunganishwa huko na General Motors. Baadaye magari ya Kijapani yakashika usukani.

Model A lenyewe lilikuwa na watoto wengine ugenini. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Ford na Umoja wa Kisovieti ulizaa kiwanda cha Nizhny Novgorod, ambacho mwaka 1932 kilianza kutoa magari na malori yaliyonakiliwa kutoka Model A na Model AA. Gari la bepari wa Detroit likawa gari la mpango wa miaka mitano.

Katika Kiswahili, zama hizo zimeacha msamiati. Neno gari, lenye asili ya Kihindi, lilikuwepo kwa ajili ya chombo cha kukokotwa na ng'ombe au mtu, likapanuliwa kukibeba chombo cha injini. Motokaa, lori, breki, gia, tairi na petroli yalitoka Kiingereza na kuvaa mavazi ya Kiswahili. Taniboi, msaidizi wa dereva ambaye pia huitwa utingo, ana jina linalohusishwa na kazi ya kuzungusha handeli ili injini iwake. Handeli imetoweka muda mrefu uliopita, lakini jina limebaki kwa mtu anayening'inia nyuma ya gari na kuita abiria.

Reli ya Bububu haikurudi tena. Safari iliyokuwa ikifanywa na gari moshi la Arnold, Cheney imeachiwa magari ya abiria, ambayo yamekuwa yakipita katika ukanda ule ule wa pwani kutoka mjini kuelekea kaskazini. Tofauti ni kwamba barabara haikuishia Bububu. Iliendelea hadi Mahonda, Mkokotoni na Nungwi, na kwa watu wa vijiji hivyo hilo ndilo lililokuwa na thamani kuliko bei iliyoandikwa katika matangazo ya Detroit.